Pasi ya Dada Kisogo

Benchi letu ni ubao mmoja tu ulioegemea kibanda changu cha viatu. Mguu wake wa kushoto ulikatika zamani, mahali pake tumeweka matofali mawili, na anayekaa upande huo akirusha mikono wote tunakwenda chini. Mbele yetu kuna njia ya watu, na ng'ambo ya njia kuna ukuta wa nyuma wa uwanja wa mpira wa kikapu. Ukuta huo nimeupigania mwaka mzima. Mwenyekiti wa uwanja alitaka kuwapa watu wa sabuni wabandike tangazo lao. Mimi nikasema hapana, achorwe Dada Kisogo, mchezaji ambaye hatujapata mwingine kama yeye na sidhani kama tutapata, aliyefariki mwaka juzi bila hata kibao chenye jina lake. Mwenyekiti alikubali shingo upande: picha iwe tayari Jumamosi saa kumi, mtu yeyote akiitazama aielewe, la sivyo Jumapili watu wa sabuni wanakuja na ngazi zao. Leo ndiyo Jumamosi. Saa saba mchana mchoraji wetu, tunayemwita Brashi, alishusha turubai lake ili tuone kazi, na kahawa ikanipalia.

— Brashi, nikamwambia, bado nakohoa. Hicho kinachotoka mikononi mwa Dada Kisogo ni nini?

— Pasi.

— Pasi ipi?

— Ya mkaa. Nimeitilia na moshi, Fundi. Angalia hapo kwenye matundu, cheche zinaonekana kabisa. Siku mbili nzima hizo.

Na kweli alikuwa ametumia siku mbili. Dada Kisogo mwenyewe alitoka barabara: miguu imepanuka, kitambaa chekundu kichwani, uso unatutazama sisi, mikono imerudi nyuma juu ya kichwa. Na kutoka kwenye vidole vyake, ikiruka kuelekea nyuma, pasi ya mkaa kubwa kama mbuzi, pamoja na kile kijogoo chake cha kufungia mfuniko. Juu, kwa herufi nyekundu: DADA KISOGO, MALKIA WA PASI.

— Nani alikupa maelezo?

Brashi akamtazama Dobi. Dobi akatazama ndani ya kikombe chake. Huyu Dobi ni jirani yangu, kibanda chake kimepakana na changu, na ndiye niliyemwomba ampigie Brashi simu kwa sababu siku ile nilikuwa na viatu vya bwana harusi mkononi na bwana harusi mwenyewe amesimama mlangoni na soksi.

— Nilisema vilevile ulivyosema wewe, Dobi akajitetea. Achore Dada Kisogo anatoa pasi. Pasi ionekane vizuri, maana ndiyo sifa yake. Hapo uongo uko wapi?

— Ulimpigia simu ukiwa wapi?

— Kazini kwangu.

— Unafanya nini?

— Nanyoosha mashati.

— Na mimi nikamuuliza, akadakia Brashi, pasi ya umeme au ya mkaa? Akaniambia, umeme wenyewe uko wapi leo, ya mkaa.

— Nilidhani unaniuliza habari zangu!

Shangazi alicheka hadi akaliweka birika chini. Shangazi ndiye mwenye kahawa. Hana undugu na yeyote kati yetu, lakini ni shangazi wa benchi zima, na birika lake likiisha na yeye anaondoka, hata kama mtu yuko katikati ya neno.

— Mwacheni hivyohivyo, akasema. Mwanamke anayerusha pasi ya moto! Ningekuwa mwizi nisingepita mtaa huu.

— Kimahesabu, pasi ya ukubwa ule haipungui kilo mia, akasema Kokotoa. Kwa pembe ile ya mikono, inamwangukia mwenyewe kisogoni.

Kokotoa alikuwa mwalimu wa hesabu. Amestaafu, hesabu zimekataa kustaafu.

Mimi sikucheka. Mwenyekiti angefika saa kumi, angeiona pasi, angesema inafaa sana kwa tangazo la sabuni, na hapo mwaka wangu mzima ungekuwa umekwenda na maji. Nikasimama.

— Sikilizeni. Saa kumi ukuta huu utakuwa na pasi ya mkono, siyo ya mkaa. Brashi, leta rangi nyeupe, ifute hiyo.

— Nyeupe imebaki nusu kopo, Fundi. Nikifuta nimefuta, hakuna kurudia. Halafu nichore nini? Mimi huyo mama sikumwona akicheza, nilikuwa sijazaliwa. Nielezeni. Nikielewa nachora.

— Kaa hapo, nikamwambia. Siyo upande wa matofali.

Akakaa. Shangazi akamimina. Na mimi nikamweleza, maana mambo haya nimeyabeba kifuani miaka thelathini na moja na hakuna aliyewahi kuniambia kaa nielezee.

— Wengine walikuwa wanacheza mpira, yeye alikuwa anaugawa. Mpira ulikuwa haukai mkononi mwake, unapita tu, kama salamu. Watu walikuja kuona nani anafunga, mimi nilikuwa natazama vidole vyake. Mfupi wa timu alipenda mpira wa kifuani, anaupata kifuani. Mwenye mkono wa kushoto anaupata kushoto. Kulikuwa na mmoja kidole chake kidogo kiliwahi kuvunjika kikaunga vibaya, huyo alikuwa anampelekea kwa kuudundisha chini mara moja, ufike umepoa. Na hayo yote hakutazami! Anakupa kisogo. Unasema huyu amenisahau, mara mpira uko mikononi mwako. Ndipo jina lilipotoka.

— Alijifunzia wapi?

— Kazini. Alikuwa opereta wa simu, enzi zile za ubao na nyaya. Nilimpelekea viatu siku moja. Ananitazama usoni, ananiuliza kisigino nimekipiga misumari au gundi, na huku mikono inachomoa waya huu inachomeka ule. Huyu anaongea na mkewe, yule na bosi wake, na hakuna aliyeunganishwa na asiye wake. Nikasimama pale nimesahau hata jibu. Aliponiuliza mara ya pili nikasema misumari, kumbe nilitumia gundi.

— Hiyo fainali sasa, akasema Dobi, na akajisogeza. Mwambie fainali.

— Zimebaki sekunde tatu. Tuko nyuma kwa pointi moja. Kisogo ana mpira, amebanwa kwenye mstari wa mwisho, chini ya pete kabisa, na wachezaji wawili warefu wamemfunika kama pazia. Uwanja mzima unapiga kelele: rusha! rusha! Mimi, Dobi na Kokotoa tumekaa nyuma ya ubao wa pete, kwa hiyo anatutazama sisi. Akatabasamu. Wallahi alitabasamu. Mikono ikarudi nyuma, mpira ukapita juu ya kitambaa chake, ukaenda huko asikokuona. Halafu wavu ukacheza, kipenga kikalia, tukawa mabingwa. Nimelia mara mbili maishani mwangu. Ya kwanza ilikuwa msiba wa mama.

Brashi alikuwa ameshika brashi hewani.

— Lakini alionaje nyuma? akauliza.

Hapo sasa! Swali hilo ni la benchi hili tangu siku ile ile. Kokotoa akavua miwani, na akivua miwani ujue haachi neno kwa mtu.

— Hakuona. Alihesabu. Mtu akitoka katikati ya uwanja anapiga hatua saba kufika mbele ya pete. Kila hatua nusu sekunde kasoro kidogo. Yeye alikuwa na hesabu ya hatua za kila mmoja kichwani, wanne kwa mpigo. Ni hesabu ya darasa la sita.

— Mwalimu, akasema Dobi, wewe ulipeleka wanafunzi arobaini ziarani ukarudi na thelathini na tisa.

— Yule mmoja alijificha chooni!

— Mwenzio Kisogo angejua.

— Hakuna hesabu hapo, akasema Shangazi. Jua lilikuwa kali, saa tisa ile. Kila mtu ana kivuli. Aliviona vivuli ardhini.

— Vivuli vya watu walio nyuma yake viliangukia nyuma, Shangazi. Jua lilikuwa linampiga usoni. Hiyo nayo ni hesabu.

— Basi kipara cha mgeni rasmi! Si alikaa mbele, pembeni yenu? Mimi nilikuwa nauza kahawa mlangoni pale, nilikiona. Kilikuwa kimepakwa mafuta kikapakika. Uwanja mzima ulikuwa mle ndani, na watu wakikimbia.

— Kipara?

— Kilikuwa kinang'aa kuliko kombe lenyewe.

Dobi akatikisa kichwa kwa huruma, akashusha sauti, na sote tukainama kumsikiliza.

— Mimi siyo mtu wa maneno mengi. Lakini kile kitambaa chekundu nani alikuwa anakifua? Mimi. Miaka sita. Na nawaambieni leo, kwa nyuma, hapa chini ya fundo, kilikuwa na matundu mawili. Yamelingana. Umbali wake kama wa macho.

— Nondo hao, nikasema.

— Nondo watoboe mawili tu, tena kwa vipimo?

— Kwa hiyo unataka kuniambia Dada Kisogo alikuwa na macho manne?

— Mimi sijasema macho. Nimesema matundu.

— Loo! Ukafua miaka sita ukanyamaza!

— Siri ya mteja.

Dobi alirusha mikono alipotamka hilo, naye alikuwa upande wa matofali. Tulianguka wote wanne. Kahawa ilimwagika, Shangazi akahesabu vikombe vyake, tukaliinua benchi, tukakaa tena kama tulivyokuwa.

Sasa mimi nilikuwa na maelezo yangu, na yalikuwa ya kweli, siyo vipara na matundu. Nilikuwa nayatunza. Nikamgeukia Brashi.

— Alisikia, nikamwambia. Wiki moja kabla ya fainali, mmoja wa wachezaji aliniletea viatu vyake; sura siikumbuki, soli naikumbuka. Soli ya kushoto ilikuwa imelika kwa nje hadi unaona soksi, na ya kulia nzima kabisa. Sijawahi kuona mguu unaokanyaga vile. Nikamwekea kipande cha mpira wa tairi. Raba ya tairi kwenye sakafu ya uwanja inalia: kwii, kwii. Siku ile, katika kelele zote zile, Kisogo alisikia kwii, akajua mwenzake yuko wapi. Mtu anayesikiliza laini sita kwa pamoja ashindwe kusikia kiatu? Kwa hiyo lile kombe, nisijisifu, lakini...

— Unajisifu, akasema Kokotoa.

— Nasema ukweli.

— Kwii, akasema Dobi, na wakacheka wote, mijitu mizima na mvi zao.

Niliwaacha wacheke. Nikamwambia Brashi anyanyuke, sasa ni saa nane na nusu, na kubishana hakukaushi rangi. Pasi ifutwe, mahali pake pachorwe mpira tu, unatoka vidoleni, uko hewani. Akaniuliza kama achore na kipara. Nikamwambia akichora kipara nitamvua viatu alivyovaa, maana nilimshonea mimi.

Akafanya kazi. Mkono wake ni mwepesi, nampa haki yake. Moshi ukaenda, cheche zikaenda, kijogoo kikaenda mwisho, na Dobi akakiaga kwa huzuni, akasema kilikuwa kimefanana na cha kwake. Ilipofika saa tisa na dakika chache, mpira ulikuwa juu ya kichwa cha Kisogo, mishono yake yote inaonekana, na nyuma yake kumebaki weupe mtupu, mahali pakubwa palipokuwa na pasi. Nikajiambia tumemaliza. Nilikuwa hata nimeanza kupanga maneno ya kumwambia mwenyekiti.

Ndipo akaja mama mmoja kutoka upande wa kituo cha basi, anatembea kwa kuburuta mguu mmoja. Mkanda wa sandali yake ya kushoto ulikuwa umekatika. Alikuwa mrefu, wa umri wetu, kanga begani na mfuko wa nguo mkononi, ametoka safari.

— Hamjambo, kaka zangu. Shikamoo, dada, akamwambia Shangazi. Fundi ni nani hapa?

— Mimi. Karibu, kaa. Siyo hapo, huku.

Akanipa sandali, akakaa, Shangazi akamtilia kikombe. Akaanza kuutazama ukuta. Aliutazama kwa muda mrefu, akinywa kidogo kidogo.

— Mmemchora Kisogo, akasema.

— Unamfahamu? akauliza Dobi. Ile ndiyo pasi ya fainali, mama. Pasi iliyotupa kombe! Tuko hapa miaka thelathini na moja tunaieleza.

— Nzuri. Amefanana. Akanywa tena. Na huo mpira unakwenda kwa nani?

Dobi akamgeukia Kokotoa.

— Kwa... yule, akasema Kokotoa. Namba nane. Au kumi na moja. Alikuwa, ngoja, alikuwa mrefu.

— Si yule mfupi? akasema Shangazi.

— Mfupi aliumia nusu fainali.

— Basi yule wa mkono wa kushoto.

— Mpira ulifungwa kwa mkono wa kulia.

— Nani kakwambia?

— Sijui. Nakisia.

Brashi akatugeukia, rangi inamdondokea kwenye kiatu.

— Wazee wangu, akasema. Mna macho ya kisogo, mna kipara, mna hatua saba. Aliyefunga kikapu hamumjui?

Niliona aibu, sifichi. Mtu alisimama pale peke yake, akaudaka mpira na sekunde zinakwisha, akafunga, na sisi tulibeba pasi tu tukamwacha yeye uwanjani. Nikainama kwenye kazi yangu kukwepa macho ya watu. Nikaigeuza sandali nione kama mkanda utashika uzi.

Soli ya kushoto ilikuwa imelika kwa nje. Nikamwomba anipe na ya kulia. Ilikuwa nzima, kama ya jana, nikamrudishia.

Nimeshika viatu vya mji huu tangu nina nywele nyeusi. Soli ya namna hiyo nimeishika mara moja tu.

— Dada, nikasema. Niliwahi kukuwekea raba ya tairi.

— Uliniwekea, akasema, akacheka. Kumbe ni wewe! Ilikuwa inalia kama panya.

— Kwii! nikawaambia wenzangu. Mmesikia? Kwii! Ndiyo aliyoisikia!

— Hapana, kaka. Siku ya fainali sikuvivaa. Vilikuwa vinanipa aibu. Niliazima vya dada yangu.

Hakuna aliyecheka, na hilo lilinichoma zaidi. Miaka thelathini na moja, jamani.

— Sasa alikuonaje? akauliza Kokotoa, miwani mkononi, kwa upole kabisa.

— Hakuniona. Uwanjani kila nikifika mahali pangu nilikuwa namwambia neno moja: nipo. Hata akiwa amenipa mgongo. Nipo. Mpaka akaniita hivyo, wenzetu wote wakaniita Nipo. Siku ile ya fainali nilikuwa nimepiga kelele tangu asubuhi, sauti imekauka. Nilifika pale nikafungua mdomo, hakikutoka kitu.

— Hukuita?

— Sikuita. Akarusha tu. Ulifika umepoa, kama kawaida yake. Baada ya mchezo nikamuuliza, ulijuaje, mbona sikusema? Akashangaa. Akaniambia, si nilijua upo.

Shangazi alijifuta jicho kwa pembe ya kitenge, akasingizia moshi wa jiko lake, na jiko lilikuwa limezimika tangu saa nane.

Mimi nilikwisha simama.

— Brashi. Rangi ya kahawia imebaki?

— Imebaki.

— Dada, nakuomba. Nenda kasimame ukutani, hapo kwenye weupe. Inua mikono kama siku ile.

— Na mguu mmoja mtupu?

— Na mguu mmoja mtupu. Saa imekwenda.

Akaenda, akachechemea akavuka njia, akaweka mfuko wake chini, akainua mikono. Sijui niwaambieje. Alikuwa mama wa makamo aliyetoka kwenye basi. Mikono ilipofika juu, mwili wote ulikumbuka. Brashi akachora haraka, ulimi nje. Alipofika kwenye vidole akasita.

— Mama, hiki kidogo kimepinda. Nikinyooshe?

— Usikinyooshe, tukasema sote benchini, kwa pamoja.

Saa kumi kasoro dakika tano nilikuwa nimeshona mkanda. Soli sikuigusa. Saa kumi kamili mwenyekiti akatokea na shati lake jeupe, amelibana begi kwapani, na nilijua mle ndani kuna karatasi za watu wa sabuni. Akasimama mbele ya ukuta. Akamtazama Kisogo, akaufuata mpira kwa kidole hadi kwenye ile mikono miwili.

— Huyu nimemwelewa, akasema. Anampa mwenzake bila kutazama. Safi. Lakini huyu anayepokea ni nani?

— Nipo! tukajibu, na safari hii hakuna aliyekisia.

— Najua mpo, nawaona. Nauliza huyu wa ukutani.

— Nipo, akasema mama mwenyewe, bado amesimama pale, na rangi ya kahawia imemwingia kwenye kanga.

Mwenyekiti akamtazama yeye, akatazama ukuta, akarudi kwenye kile kidole kidogo. Akatoa simu, akasogea pembeni, na tulimsikia akiwaambia watu wa sabuni wasijisumbue na ngazi. Shangazi akaligeuza birika chini juu, likadondosha tone moja. Brashi alikuwa amekwisha chovya brashi kwenye rangi nyekundu, anaandika chini ya ile mikono, taratibu, herufi nne.